Njia ya Juu ya Ubavu

Wivu wa Daktari Kyaruzi ulianzia kwenye kahawa. Kokwijuka, mke wa mgonjwa, alifika wodini Bukoba kutoka Kishanda na kikapu cha akamwani, ile kahawa ya kutafuna anayopewa mtu wa heshima kwanza. Kyaruzi alikwisha kunyoosha mkono. Mama akampita, akamkaribisha Daktari Joanitha.

"Kasinge waitu, mwana wange," alimshukuru kwa Kihaya, kama mwanawe. "Nasikia wewe ndiye utakayemtoa mume wangu jiwe."

Joanitha! Binti ambaye Kyaruzi mwenyewe alimfundisha kushika sindano, kabla hajaenda Dar es Salaam kusomea upasuaji wa figo. Tangu arudi, manesi hawaishi kuimba: mgeni njoo, mwenyeji apone. Apone nini, kwani anaumwa? Aliumwa, tena sana, na roho yake ilijua ugonjwa wenyewe.

Figo la pili la mgonjwa, mzee Byarugaba, lilikufa zamani. Katika hili lililobaki, picha ilionyesha jiwe limekaa juu kabisa. Lingetolewa kwa tundu dogo mgongoni. Swali lilikuwa tundu lipite wapi.

"Tupite juu ya ubavu wa mwisho, mwalimu," alisema Joanitha. "Tutalikuta jiwe mbele yetu."

"Ukitoboa ngozi ya pafu je? Tutapita chini. Chini ni salama."

Ni salama kweli, kwa mawe ya chini. Angekuwa peke yake, Kyaruzi angepita juu bila kujiuliza. Alikwisha kupita huko mara nyingi. Lakini aseme "juu" baada ya yule binti kusema "juu"? Afadhali alimeze hilo jiwe.

Wakapita chini. Mzee amelazwa kifudifudi, Kyaruzi akaingiza bomba la kamera, akalipinda huku na huku. Jiwe aliliona ncha tu, limejificha nyuma ya kona. Akasukuma kwa nguvu. Kioo chote kikawa chekundu.

"Presha inashuka, daktari," alisema mtu wa dawa ya usingizi.

Joanitha akafungulia maji. Laiti angesema "nilikwambia", Kyaruzi angemchukia kwa raha zake. Akingoja maji yasafishe damu, alimkumbuka Kokwijuka kwenye benchi la nje. Akisukuma tena, angelipasua figo la mwisho la mtu kwa sababu ya punje za kahawa.

"Njoo upande huu," alisema kwa shida. "Pita juu."

Joanitha akaomba pumzi ya mgonjwa isimamishwe kidogo ili pafu lisishuke, akaingiza sindano. Jiwe likawa mbele yao. Walilivunja, wakalitoa lote.

Nje, Kokwijuka alipiga magoti mbele ya Kyaruzi, akamnyooshea kikapu.

"Mwana wange ameniambia mwalimu wake ndiye aliyechagua njia. Kasinge, tata, baba yangu!"

Kyaruzi alitaka kukana, lakini mkono ukaenda kikapuni. Akachukua punje moja, akatafuna. Kule mlangoni Joanitha alikuwa akivua glavu, hana habari naye. Mikono ile alikwisha kuionea wivu. Sasa akauonea wivu na moyo wa binti yule.