Binzari kwenye Taa

Ko, ko, ko. Viatu vilipanda ngazi za saruji, vikasimama, vikapanda tena. Afisa afya sikuwa nimemwona bado, lakini moyo wangu ulishatoka mlangoni kumpokea.

Chumba kiling'aa: sinki jipya, kasha la kutupia sindano, na juu ya kioo ubeti niliotunga mwenyewe:

Leta jina nilichore,
Mauti likayakere.

Mjini walikuwa wakinicheka. Nani atampa kijana wa Magu kibali cha kuchora watu tatuu? Mama Arjun, mwenye duka la viungo pale chini, ndiye aliyenipangisha chumba. Alitaka jina la marehemu mama yake mkononi. "Ila bila kibali, Luhende, hata unywele wangu hugusi."

Afisa Kemilembe, mwenyeji wa Bukoba, aliingia akaiona ndizi kwenye kiti cha mteja.

"Ndizi yetu ndiyo mnaifanyia majaribio? Wasukuma hamna adabu!"

"Afadhali mimi naipamba, dada. Nyie mngeshaipika."

Alicheka. Kisha akamwomba Mama Arjun, aliyekuwa amepanda nyuma yake, binzari ya manjano, akaikoroga na maji, akanipaka kwenye vidole vya glovu. "Hii ni damu ya mteja. Haya, fanya kazi."

Nilichora kama ninayeimba. Nilipoinuka kungoja sifa, alinionyesha taa. Ilikuwa na alama za vidole vya manjano. Chupa ya wino, vivyo hivyo. Droo. Kioo. Shavu langu.

Mama Arjun akautazama ubeti wangu. "Mauti gani unayakera? Mbona umeyakaribisha chai?"

"Ni binzari tu!" nilifoka.

Kemilembe akafunga begi lake. Ningemwacha aende, kwa kiburi nilichokuwa nacho. Lakini nilimwona Mama Arjun akiushusha taratibu mkono wa blauzi, ule aliokuwa ameukunja tangu asubuhi.

"Afisa, subiri. Naomba nirudie."

Leo wateja wakiuliza kwa nini taa yangu imevishwa nailoni kama bibi harusi, mimi hucheka tu. Siku ile nilifuta kila kitu kwa dawa, nikaifunga taa kwa nailoni, na mashine pia, nikamimina wino kabla ya kuvaa glovu mpya. Binzari tena. Ndizi nyingine. Pua ikaniwasha mpaka machozi yakanitoka, nikaiacha.

Nilipomaliza, Kemilembe alibandua nailoni mwenyewe, akamulika taa kwa simu. Safi. Akamulika chupa, droo, kioo. Mwisho akanimulika usoni.

"Kibali njoo uchukue ofisini kesho. Na mimi nitarudi siku yoyote, hodi sipigi."

Nilitaka kuruka mpaka darini. Viatu vikaanza kushuka, ko, ko. Mama Arjun aliukunja tena mkono wa blauzi, hadi kwenye kiwiko.

Nikasema kwa sauti, hata aliyekuwa ngazini asikie:

"Mama Arjun, kesho mkono wangu huu hautagusa kingine ila jina la mama yako. Pua ikiwasha, na iwashe."