Nyuzi Tisa za Goti la Javan

Kwa siku nane Benta hakuwa ameshona hata sketi moja kwa amani. Cherehani yake iko barazani, pale Awendo, na mumewe Javan alishinda nyuma yake, goti la kushoto, lililoshonwa zahanatini, limenyooshwa juu ya kiti, mdomo haupumziki.

"Mama Lynnet, nguo za watu unafumua kila siku. Hizi nyuzi tisa ndizo zinakushinda?"

"Sista alisema siku kumi na nne."

"Sista haendeshi trekta ya miwa. Jumatatu nisipokuwa kwa usukani, kiti changu kinapewa dereva mwingine, Chrispine."

Asubuhi hilo, jioni hilo tena. Hata waliokuja kumpa pole walibonyeza goti kwa vidole visivyooshwa, wakasema mbona limepona. Yawa! Jumamosi Benta akachoka kabisa. Akachemsha wembe wake wa kufumulia, akanawa mikono, akapiga magoti.

Kwenye nguo unakata mahali pamoja, unavuta, mshono wote unafuata. Hapa kila uzi ulikuwa na fundo lake. Alikata, akavuta, Javan akauma kola ya shati. Uzi wa tisa ulipotoka kidonda kilikuwa kimefunga vizuri. Na mwanamume huyo, badala ya kutulia, akachuchumaa kuonyesha vile amepona.

Goti likafunguka.

Walilifunga kwa kipande cha kitambaa cha sketi, wakangoja. Jumatatu lilikuwa linatoa usaha.

Zahanatini, Sista Nyarangi alifungua kitambaa, akapaza sauti mpaka foleni yote ikageuka. Goti hukunjwa kila saa, ndiyo maana aliwapa siku nyingi! Sasa hawezi kulishona tena. Litaachwa wazi lijae nyama kutoka ndani, lioshwe na kufungwa kila siku, mwezi mzima. Trekta asahau.

"Nani alitoa nyuzi?"



"Mimi," Javan akasema, akitazama ukuta. "Mke wangu alikuwa kanisani."

Ai! Siku zote hizo Benta alikuwa ameweka maneno ya kumwambia mtu huyu akipona, yote, bila kubakisha. Sasa, kwa kumkinga hivi, amemharibia hata hayo.

"Ni mimi, Sista," akasema kwa hasira. "Huyu ana mdomo tu. Nionyeshe vile linaoshwa."

"Sasa unajisema kwa nini?" Javan akanong'ona.

"Nyamaza, Baba Lynnet." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nyamaza tu."

Akakunja mikono ya blauzi, akaenda kunawa.