Malkia Aliyeshuka na Maksai

Igizo la vijana wa kigango chetu, huku Ruangwa, linahusu malkia anayeshuka kutoka kwenye nyota akiwa na mbawa na mkia wa moto. Nilimchagua Minza, binti wa mfugaji Msukuma Lubasha, awe malkia kwa sababu sauti yake inafika nyuma ya kanisa bila spika.

Baada ya misa, Mama Fidelis, mwenyekiti wetu, akanivuta pembeni.

“Mwalimu Teddy, malkia gani Msukuma? Watu hawataamini.”

Nikamuuliza kama mkia wa moto watauamini. Akasema mkia ni hadithi tu, lakini wafugaji wamekuja juzi, ng'ombe wao wanamaliza mihogo yetu, leo wawe wafalme juu yetu? Wenzake waliosimama karibu naye wakaitikia kwa vichwa, wale wale niliotoka kupeana nao amani kanisani. Nikatamani kwenda kunawa mikono.

“Minza mpe zimwi, litamfaa,” Mama Fidelis akasema kwa upole, kama ananifanyia hisani. “Ila ukamwombe baba yake atuazime maksai wawili wavute mkokoteni wa malkia. Wale weupe. Wale wana hadhi.”