Maua ya Uzio wa Bwawa

Fundi alikuwa ameagizwa uzio wa nondo zilizosimama wima, basi. Lakini yeye na sifa ni chanda na pete. Akachomelea maua ya chuma, moja usawa wa goti la mtu mzima, jingine usawa wa kiuno, kulizunguka bwawa zima la kuogelea la shule ya chekechea.

Mkaguzi, mwanamke mpole, aliingia naye ndani ya uzio. Akapima urefu, akaachia lango likajifunga lenyewe. Kwenye maua akasimama.

"Kazi nzuri, fundi, ila haya yatoke. Mtoto atayakanyaga apande."

"Binti yangu, mimi nachomelea tangu hujaota meno! Mtoto wa miaka minne apande hapa? Labda wa nyani."

Walimu waliokuwa nje wakacheka, naye kichwa kikamvimba. Mkaguzi akaendelea kuandika.

Kengele ya mapumziko ikalia. Mjukuu wa fundi, aliyekuwa akisoma hapohapo, akamwona babu yake akaja mbio. Lango hata hakulitazama. Mguu ua la chini, mguu ua la juu, na kufumba na kufumbua alikuwa juu ya uzio, ananing'inia upande wa maji.

"Babu, kama nyumbani!"

Geti la nyumbani lilikuwa na maua hayohayo. Kila jioni ni yeye babu aliyemshika kisigino na kumwonyesha pa kukanyaga, mpaka nyuso zao zikutane juu ampe busu.

Mkono wa mtoto ukateleza. Aliyemdaka ni mkaguzi.

Hakuna aliyecheka tena. Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Afadhali yule mwanamke angemtukana, lakini alimfuta mtoto vumbi tu.

"Nisamehe, mama," fundi akasema. Ubinti ulikuwa umeisha.

"Lete mashine ya kukatia, baba. Tuanze."

Jioni, kabla hata ya kuvua buti, fundi alikata na maua ya geti la nyumbani. Mjukuu akatoka, akainua mguu kama kawaida, ukabaki hewani.

"Babu, nani kachukua ngazi yetu?"

Ngazi. Mtoto alikuwa akiyaita hivyo kila siku, na yeye alikuwa akicheka na kumsahihisha, "Sema maua."

"Ni mimi, mjukuu wangu," akajibu, akimfungulia geti huku akitazama chini.