Gauni Lililosingiziwa

Kabla ya kurekodi mahojiano yoyote, mimi huzima friji. Kisha feni, kisha saa ya ukutani kama ina mlio, halafu nasimama katikati ya chumba nimefumba macho mpaka nijue kila kitu kinachotoa sauti humo ndani. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa fundi redio, nikajifunza kunasa sauti kwa kukosea na kuandika makosa yangu kwenye daftari, kosa moja ukurasa mmoja. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ndiye mpiga picha, huniita Masikio. Watu wakiniulizia huwaambia, "Huyu hajawahi kuniangusha hata siku moja."

Siku ile tulikwenda kwa Mama Fundi. Chama cha waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo kilitaka filamu fupi kuhusu moto ulioteketeza kiwanda hicho miaka thelathini iliyopita. Katika wanawake waliokuwa wakikaa safu ya dirishani, yeye peke yake ndiye aliyebaki. Mkwe wake, mke wa mwanawe anayeishi naye, alitupokea mlangoni akanong'ona, "Kaka zangu, mkimpata leo mmempata. Mimi huu mwaka wa tisa nipo nyumba hii, sijasikia neno juu ya moto ule."

Mama Fundi alitoka chumbani amevaa gauni jipya. Lilikuwa la rangi ya udongo mbichi, lenye kola ndogo ya kusimama na vifungo saba vilivyovikwa kitambaa kilekile. Alikuwa amelishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo. Akageuka mara moja, polepole, ili tulione na mgongoni.

"Ala! Kuna harusi na sisi hatukualikwa?" shemeji akamtania.

"Wewe piga picha yako," akajibu. "Mshono wa bega nimeufumua mara tatu. Nataka uonekane."

Nikafanya kazi yangu. Nilitundika mablanketi mawili dirishani. Nilisogeza kiti chake mbali na ukuta. Nilikwenda kwa jirani anayechomelea mageti nikamwomba apumzike saa moja, naye akasema, "Saa moja tu, ndugu yangu. Mwenye geti hili nimeshamdanganya mara mbili." Nikarudi, nikabana kipaza sauti kidogo nyuma ya kifungo cha pili cha gauni, nikavaa hedifoni. Nilisikia anavyovuta pumzi. Nilisikia anavyomeza mate. Chumba kilikuwa kimya kizuri sana.

Kinasa sauti changu kina tabia moja. Ukibonyeza kitufe mara ya kwanza, taa nyekundu inapepesa: kimekaa tayari, na kwenye hedifoni unasikia kila kitu, lakini hakihifadhi chochote. Ukibonyeza mara ya pili taa inatulia, na hapo ndipo kinarekodi. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu unasema hivyo, kwa herufi kubwa.

Nilibonyeza mara ya kwanza, nikasikia tone la maji jikoni. Nikaenda kukaza bomba. Niliporudi shemeji alikuwa ameshaanza kuuliza swali. Nikakaa, nikafumba macho kama kawaida yangu ninaposikiliza.

Mama Fundi alizungumza dakika arobaini. Alianza na mlio wa mashine mia mbili zikishona pamoja, akauigiza kwa ulimi. Alisema mlango ulikuwa ukifungwa kwa nje ili watu wasitoke kabla ya saa. Alimtaja jirani yake wa mashine, msichana waliyemwita Kicheko, jinsi alivyokuwa akimpigia soga huku mikono inakimbia. Moshi ulipoingia walivunja dirisha. Kicheko alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje alipokumbuka viatu vyake, maana alikuwa ameviazima kwa dada yake.

"Nikamshika mkono wa blauzi," alisema Mama Fundi. "Nikamwambia, mwenzangu, viatu si kitu. Akanivuta, akarudi ndani kwenye moshi. Mkono ule ukaachia begani. Ukabaki kwangu, mtupu." Alinyamaza. Nilisikia vidole vyake vikisugua goti. "Nilikuwa nimemshonea mimi ile blauzi. Ndiyo nilikuwa najifunza. Mshono wa bega nilikuwa sijaujua vizuri."

Shemeji alikuwa anafuta macho kwa bega lake ili asiiachie kamera. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

Nilifumbua macho nikatazama kinasa sauti. Taa ilikuwa inapepesa. Dakika, sifuri. Sekunde, sifuri.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichofikiri wakati ule, na sidhani kama nilifikiri. Shemeji akaniuliza kama anavyoniuliza kila mara, "Masikio, tuko sawa?" Wote wakanigeukia, na mama yule naye, macho bado yana maji.

Nikasema, "Kuna tatizo kidogo. Gauni."

"Gauni lina nini?" shemeji akauliza.

"Linasugua kipaza sauti. Linakwaruza. Maneno hayasikiki vizuri."

Nilisema kwa upole. Nasikitika kusema nilisema kwa upole sana, kama daktari.

Mkwe akacheka, akaziba mdomo kwa nyuma ya mkono. "Si nilikwambia, mama? Nilisema vaa lile la zamani, ukaniambia sijui nguo."

Mama Fundi alishika kola yake. "Hii ni pamba," akaniambia. "Pamba inapiga kelele?"

"Kitambaa kikiwa kipya kinakuwa na dawa ya kiwandani," nikasema. "Labda hukukifua kabla ya kushona."

Hapo akaiachia kola. Kweli hakukifua, nililiona usoni kwake. Nilikuwa nimetafuta mahali ambapo uongo wangu ungekaa, nikapapata, na palikuwa ndani ya kazi yake mwenyewe.

"Miaka zaidi ya thelathini nashona," akasema, akijaribu kucheka. Kisha akainuka. "Pole, mwanangu. Nimekuharibia kazi."

Alirudi amevaa gauni la nyumbani lililopauka. Nikabonyeza mara mbili. Nikaitazama taa mpaka mwisho, sikufumba macho. Shemeji alimwomba arudie, naye akarudia kwa dakika kumi na moja. Moto uliwaka, mlango ulikuwa umefungwa, watu wakafa, mimi nikatoka. Kicheko alitajwa mara moja. Blauzi hakuitaja kabisa. Mikono aliilaza mapajani na kila baada ya maneno machache alikuwa akichungulia kifua chake, pale kwenye kipaza sauti, kuhakikisha kuwa nguo haigusi kitu.

Tulipokuwa tukikusanya nyaya, shemeji alinipiga begani. "Pole, Masikio. Kazi na vitambaa vya watu." Nikaitikia kwa kichwa. Friji niliwasha. Hilo sikusahau.

Wiki nzima sikulala vizuri, ila nilijiambia kwamba kosa limerekebishwa, kwani tuna rekodi safi. Ilikuwa safi kweli. Siku ya kuiandaa niliisikiliza mchana kutwa nikaona haina hata chembe ya vumbi, na haina mtu ndani yake.

Kamera ya shemeji ina kipaza sauti chake kidogo, cha kulinganishia sauti na picha tu. Hatukitumii, kwa sababu kinasikia kama mtu aliyekaa ndani ya pipa. Nilifungua rekodi ya kamera ya yale mazungumzo ya kwanza nijue tu kama kuna chochote. Sauti ilikuwa mbali, yenye mwangwi, na pikipiki ilipita katikati ya jina la Kicheko. Lakini alikuwapo. Mlio wa mashine mia mbili ulikuwapo. Vidole vilivyosugua goti havikusikika, ila kimya chake kilisikika.

Kisha nikajisikia mimi. Shemeji hakuwa amezima kamera. "Gauni," nilisema mle ndani ya pipa, na nikafuata maneno yote mpaka kwenye dawa ya kiwandani, na yeye akasema pole, mwanangu. Nikavua hedifoni. Mke wangu aliyekuwa akipanga nguo aliniuliza, "Kuna nini, mbona umekuwa hivyo?" Nikamwambia jino.

Uongo wa pili ndani ya kosa lilelile. Huo ndio ulionitoa nyumbani.

Asubuhi nilikwenda peke yangu. Mama Fundi alikuwa kwenye mashine yake barazani, miwani puani, uzi mdomoni.

"Karibu, fundi wa sauti. Umesahau waya?"

"Sijasahau waya, mama. Nimekuja kusema jambo."

"Sema. Masikio yangu hayashoni."

Nikasema. Nilimweleza kitufe, taa inayopepesa, bomba la jikoni. Nikamwambia gauni halikukwaruza hata kidogo, kwamba niliogopa aibu nikalitupia gauni. Mashine ilikuwa imesimama na mguu wake bado uko juu ya kanyagio.

"Kwa hiyo halikulia," akasema.

"Halikulia."

Akafungua droo ya mashine akatoa vipande vya kitambaa cha rangi ya udongo mbichi. Vilikuwa vimepigwa pasi na kukunjwa, mabega huku, mgongo kule. Vifungo saba vilikuwa ndani ya kikombe.

"Nimeshalifumua," akasema. "Jioni ileile mlipoondoka. Nilitaka kutengeneza foronya."

Nikamwambia nitamtafutia kitambaa kama kile. Akanitazama juu ya miwani, bila hasira, jambo lililokuwa gumu zaidi.

"Mwanangu, kitambaa ninacho. Kimejaa droo." Akanyoosha mkono kwenye begi langu. "Nisikilizishe."

Nikamvika hedifoni, nikamshikia kipaza sauti. Akachukua kipande cha bega akakisugua juu yake, mara moja, mara mbili, kisha kwa nguvu, kama mtu anayefua. Akafumba macho kusikiliza. Nilisubiri. Alipozivua, alizishika mapajani.

"Ungeniambia umesahau kubonyeza," akasema, "ningecheka. Ningekusimulia mara ya pili palepale, nikiwa bado namwona yule binti. Sasa sijui." Akakunja kipande kile tena katika mikunjo yake. "Na mimi nimelala siku saba nikiwaza kitambaa ambacho sikukifua."

Nilimwambia kwamba ipo ile sauti mbaya ya kamera. Nikamweleza inavyosikika, pikipiki na yote.

"Yule binti anasikika?"

"Anasikika. Na blauzi."

"Basi wekeni hiyo."

"Watu watasema kazi ni chafu."

"Watasema kazi ya nani?"

"Yangu."

"Haya," akasema, akageukia ndani akamwita mkwe wake. Mkwe akatoka anafuta mikono. "Kaa hapo. Huyu ana maneno, na wewe ulikuwapo." Kisha akaniambia, "Na mwenzako wa kamera. Si una simu? Mpigie, iweke sauti ya nje."

Niliomba nimweleze shemeji mwenyewe, nyumbani. Alitikisa kichwa. "Gauni lilisemwa mbele ya watu watatu."

Nikapiga. Shemeji akapokea kwa kelele zake zote. "Masikio! Nilikuwa nakusifu sasa hivi kwa mteja mpya. Namwambia, huyu—"

"Shemeji," nikasema, "ngoja kwanza. Niko kwa Mama Fundi."

Nikaiweka simu juu ya vipande vya kitambaa na nikaanza: kitufe, taa, bomba. Sauti ilinitoka ndogo, ndogo kuliko nilivyotaka, na mkwe akainamisha kichwa akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Ongea kwa nguvu, kaka," akasema. "Huku hatusikii."