Siki Kwenye Maji ya Buluu

Mkaguzi wa maji angefika saa tatu. Maji ya mtaro yakitoka na rangi, karakana ya kutia vitambaa rangi ingefungwa siku hiyohiyo. Mwenye karakana, mama ambaye vidole vyake vilikuwa buluu kwa miaka ishirini na sita, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akimtazama binti yake, mkemia, akimwaga bakuli la punje nyeusi ndani ya pipa la maji machafu.

"Hiyo ndiyo jeli ya chuo kikuu?"

"Ndiyo, mama. Inafyonza rangi. Ina unga wa chuma ndani, kwa hiyo ikishashiba tunaivuta kwa sumaku."

"Ikishashiba. Kumbe ina tumbo."

Mbele ya wateja alimsifu binti huyu mpaka wakatafuta njia ya kuaga. Mbele ya binti mwenyewe alimtania tu.

Binti alikoroga nusu saa, kisha akatumbukiza sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Punje zikaikimbilia zote. Maji yakabaki buluu.

Alipekua daftari. "Maabarani maji yalitakata mara kumi na nne."

"Huko ulitumia maji gani?"

"Maji safi, nikatia rangi."

Mama alichovya vidole viwili pipani, akavisugua. Viliteleza kama vina sabuni. "Hapa hakuna maji safi, Profesa. Kitambaa chetu hakishiki rangi bila magadi. Haya ni magadi matupu."

Binti alifunga daftari. Kwamba jeli yake hushika rangi kwenye maji yenye uchachu alilijua kwa moyo. Kwamba maji ya kwao yana magadi alilijua tangu utotoni. Hakuwahi kuyakutanisha mambo hayo mawili.

"Yanataka asidi," alisema.

"Sema siki."

Mama akaleta dumu la siki ya kusuuzia hariri. Alimimina kidogo kidogo, povu likipanda na kushuka, akisugua vidole kila mara. Utelezi ulipoisha alisema, "Bado vikombe viwili." Akavitia. Binti akachovya karatasi ya kupimia, akaitazama, akamtazama mama yake.

"Umelenga palepale."

Wakatia punje mpya, wakakoroga kwa zamu. Safari hii sumaku ilipotoka, kitako cha pipa kilionekana, pamoja na kitufe cha shati kilichopotea mwaka juzi.

Saa tatu mkaguzi alifika, akajaza glasi maji hayo, akaiweka mbele ya fomu yake, akasoma maandishi kupitia maji. Kisha akapima kwa vifaa vyake, akagonga muhuri.

"Mtaalamu aliyehusika ni nani?"

"Huyu," mama alisema.

"Huyu," binti alisema, akimwonyesha mama.

"Nafasi ni ya mtu mmoja."

Mama alijifuta vidole kwenye aproni, ingawa vilikuwa vikavu. "Basi andika kwa herufi ndogo, bwana mkaguzi. Tutaenea."