Blanketi Jekundu la Ngosa

Asiyeandikwa kambini halali kambini, na anayemlaza hutoka pamoja naye. Kanuni hiyo kila mtoto wa kambi ya wafanyakazi aliijua kabla hajajua kufanya ishara ya msalaba, na Ngosa, binti wa Kapya, mfanyakazi wa tanuru la shaba, alikuwa ameivunja tangu mvua za kwanza.

Mume wa ajuza mmoja, Adolphine, alipofariki, jina la mjane lilifutwa katika daftari la kambi na nyumba yao ikakabidhiwa mfanyakazi mwingine. Ajuza aliambiwa arudi kwao Kambove, ambako hakubakiwa na mtu. Miguu yake ilikuwa imevimba hata asiweze kufika langoni. Ngosa, msichana wa miaka kumi na mitano, akamwingiza katika jiko la nyuma ya nyumba yao; akawa anamwosha, anampikia ugali wao wa bukari, na kumfunika kwa blanketi ambalo kampuni ilimgawia baba yake. Kila asubuhi Kapya alipita mbele ya jiko lile akiwa amegeuza uso. Hakuuliza neno, na Ngosa, aliyekwisha kufiwa na mama, alijifunza kuuogopa ukimya ule kuliko king'ora cha kiwanda.

Ikatokea kwamba Mama Virginie, mtawa wa shule ya ushonaji, alitaka kuwatuza vijana wa kambi waliojulikana kwa huruma na utumishi. Jirani yao Constance, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akamweleza habari zote za ajuza, akidhani kwamba msichana akisifiwa hadharani, hakuna mzungu atakayethubutu kumgusa. Alimletea Ngosa habari hiyo huku akicheka. Ngosa hakucheka. Kuikataa tuzo kungemfanya mtawa aulize sababu. Kuipokea kulikuwa ni kumtoa Adolphine mbele ya mkuu wa kambi kwa mkono wake mwenyewe.

Jumapili, baada ya misa, alisimama jukwaani. Mtawa alizisoma sifa zake kwa sauti iliyojaa furaha, akamwekea mikononi blanketi jipya, jekundu, zito. Watu wakapiga makofi. Mkuu wa kambi, mzungu mrefu aliyeketi kati ya wageni wake, hakupiga. Aliuliza ajuza huyo ni mke wa nani.

Makofi yakakatika. Mama Virginie akainamisha kichwa, kwa maana sasa ndipo alipoelewa alilolifanya. Mkuu, ambaye hakupenda aibu mbele ya wageni, akamfungulia Ngosa tundu dogo la kupitia: bila shaka huyo ni mgeni aliyefika jana tu. Aseme hivyo, kesho ajuza apandishwe treni, na mambo yaishie hapo.

Ngosa alitazama ua wa waya, kisha uso wa baba yake. Neno lile moja, jana, lilikuwa tayari ulimini. Lingeokoa nyumba, posho na kitanda cha wadogo zake. Nalo lingemwacha Adolphine peke yake ndani ya behewa, bila mtu wa kumshusha.

"Hapana, Bwana," alisema. "Iko kwetu tangu mvua ya kwanza. Ni mimi nilimuingiza. Baba hakujua."

Kapya akavua kofia, akasogea mpaka chini ya jukwaa.

"Mutoto anasema kweli, ila hiyo ya mwisho hapana," alisema. "Mimi nilijua. Nilikuwa naogopa, njo maana nikanyamaza."

Adhabu ilijulikana.

Kazi ya tanuru Kapya aliachiwa, nyumba alinyang'anywa. Waliomba lupango, kiwanja cha kujenga, huko Katuba nje ya kambi, ambako watu walikuwa wakijijengea wenyewe, na siku ya kuhama wakampandisha Adolphine juu ya mkokoteni, kati ya masufuria na watoto. Langoni mlinzi Rigobert, mtu wa mzaha, aliwazuia apekue mizigo.

"Tata Kapya, unahama na bibi harusi mupya?"

"Bibi harusi hapendi kungojeshwa," Adolphine akamjibu. "Fungua."

Rigobert alicheka, kisha akaliona blanketi lililomfunika ajuza.

"Hiyo iko ya kampuni," alisema, safari hii bila mzaha.

Ngosa akalivua taratibu mabegani pa Adolphine, akalikunja pembe kwa pembe, akamkabidhi mlinzi. Kisha akalikunjua lile jekundu, akamzungushia ajuza mpaka shingoni. Kapya akauweka ufunguo wa nyumba juu ya blanketi la kampuni. Mlinzi akavitazama vyote viwili, akainua kizuizi cha lango.

"Hamuna tena deni hapa," alisema. "Mupite."